Rubani Aliye Chini ya Mwavuli: Adui Asiyeruhusiwa Kupigwa Risasi

Tarehe 16 Agosti 1940, angani karibu na Southampton kusini mwa Uingereza, ndege ya kivita ya rubani James Nicolson ilipigwa makombora manne na Wajerumani. Mawili yalimjeruhi yeye mwenyewe na jingine likawasha tangi la mafuta. Alikuwa anajiandaa kuruka alipoiona ndege ya adui imejitokeza mbele yake. Akabaki katikati ya moto, akaifyatulia risasi, na ndipo akajitupa nje kwa mwavuli huku mikono yake ikiwa imeungua vibaya. Alipokaribia ardhi alipigwa risasi tena, na safari hii waliompiga walikuwa Waingereza wenzake. Mgambo wa Home Guard waliokuwa wakilinda eneo hilo walimdhania Mjerumani. Alipona, na mwezi Novemba ikatangazwa kwamba ametunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwake.

Kisa hiki husimuliwa kama mkasa wa mtu kufananishwa na mwingine. Hata hivyo, ndani yake limo swali ambalo msamaha kwa kosa la macho hauligusi: tuseme mgambo wale hawakukosea, na aliyekuwa akining'inia kwenye kamba zile alikuwa Mjerumani kweli, aliyekuja siku ile kuushambulia mji wao. Je, wangekuwa na haki ya kumpiga? Sheria za vita za leo zinajibu kwamba wasingekuwa nayo. Ukimweleza jibu hilo mtu yeyote ambaye hajawahi kulisikia, mara nyingi atashangaa, kwa sababu dakika tano tu kabla ya hapo, rubani huyohuyo akiwa ndani ya ndege yake, kumuua kulikuwa halali pasipo shaka yoyote. Ni kitu gani kilichobadilika katika dakika hizo tano?

Kabla ya kujibu, yafaa tuondoe utata unaoletwa na lugha yenyewe. Kiswahili kina neno moja, mwavuli, kwa kitambaa kinachomshusha askari anayekwenda kupigana na kwa kile kinachomshusha rubani ambaye ndege yake imetunguliwa. Kwa mtu aliye ardhini akitazama juu, vitambaa hivyo viwili vinafanana. Kisheria vinatofautiana kama usiku na mchana. Mei 1940, miezi mitatu tu kabla ya mkasa wa Nicolson, Ujerumani ilikuwa imewashusha askari wa miamvuli nchini Uholanzi wakateka madaraja na viwanja vya ndege, na hofu ya kushukiwa kwa namna hiyo ilikuwa imeenea Uingereza nzima. Mgambo walikuwa wamewekwa mashambani kwa kazi hiyo hasa, kuwangojea watu watokao mbinguni.

Askari wa miamvuli anaweza kupigwa risasi angali hewani, na hakuna mkataba unaomkinga. Mfano unaofahamika zaidi ni wa kisiwa cha Krete, tarehe 20 Mei 1941. Wajerumani waliruka kutoka urefu wa takriban mita 120 na safari yao ya kushuka ilichukua sekunde chache tu, lakini walishuka juu ya vichwa vya wanajeshi wa New Zealand waliokuwa wamejificha kati ya mizeituni. Katika batalioni moja iliyoangukia karibu na uwanja wa ndege wa Maleme, watu wapatao 400 kati ya 600 waliuawa, baadhi yao kabla miguu haijagusa udongo. Hakuna mahakama iliyowahi kuuita huo uhalifu.

Jambo la kutazamwa kwa makini ni silaha za Wajerumani hao. Bunduki zao nyingi zilishushwa kando, ndani ya makasha yenye miamvuli yake, na mtu aliyekuwa hewani alibeba bastola na mabomu machache ya mkono. Mwavuli wenyewe ulifungwa mgongoni kwa namna ambayo hakuweza kuuelekeza. Aliinama mbele huku mikono na miguu ikielea, akaenda ulikokwenda upepo. Kwa maneno mengine, alikuwa dhaifu hewani karibu sawa na rubani aliyetunguliwa. Hapo ndipo maelezo mepesi, yale tunayoyasikia mara nyingi, yanapokwama. Husemwa kwamba rubani aliye kwenye mwavuli halengwi kwa sababu hawezi kujitetea. Ingekuwa hivyo, yule wa Krete naye asingelengwa. Hata askari aliyelala usingizi kambini hawezi kujitetea, na bado sheria inaruhusu kambi yake ishambuliwe usiku.

Kwa hiyo udhaifu peke yake si sababu ya kutosha. Nionavyo mimi, kinachowatenganisha watu hawa wawili ni uhusiano wa kila mmoja na mapigano yenyewe. Askari wa miamvuli yumo njiani kuingia vitani: mwavuli ni chombo chake cha kushambulia, kama ngazi ilivyo kwa mtu anayepanda ukuta wa ngome. Rubani wa ndege inayoungua ametolewa vitani kwa nguvu. Silaha yake ilikuwa ile ndege, na sasa ndege hiyo inaporomoka bila yeye. Mwavuli wake unashabihiana na boya la baharia ambaye meli yake imezama. Kushindwa kumekwisha kutokea. Kilichobaki ni kuokoka tu.

Ulinganisho huo na baharia haukubuniwa na mwandishi wa makala haya. Desturi ya baharini kwamba walionusurika meli ikizama hawapigwi ni ya kale, na mwaka 1945 mahakama ya kijeshi ya Uingereza huko Hamburg ilimhukumu kifo Heinz-Wilhelm Eck, nahodha wa nyambizi ya Ujerumani, kwa sababu mwezi Machi 1944, baada ya kuizamisha meli ya Kigiriki iitwayo Peleus, alielekeza bunduki za rashasha kwenye mabaki na maboya ambayo mabaharia walikuwa wameyashikilia. Alijitetea kwamba shabaha yake ilikuwa kuyazamisha mabaki yasije yakaonekana na ndege za doria. Mahakama haikumsikiliza, naye akapigwa risasi Novemba mwaka huo.

Walioandika kanuni za kwanza za vita vya angani walikuwa na picha kama hiyo akilini. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia miamvuli ilitumiwa zaidi na waangalizi waliopandishwa kwa maputo, na Wajerumani wakaanza kuwapa marubani wao mwaka 1918. Vita vilipokwisha, kamati ya wanasheria iliyokutana The Hague kati ya Desemba 1922 na Februari 1923 iliandaa rasimu ya kanuni za vita vya angani, na kifungu chake cha 20 kikasema kwamba ndege ikishaharibiwa, waliomo wanaojaribu kujiokoa kwa mwavuli wasishambuliwe wanaposhuka. Rasimu hiyo haikupata kuwa mkataba. Vita vya Pili vya Dunia vikapiganwa bila sheria iliyoandikwa juu ya jambo hili, na marubani wakaachiwa dhamiri zao na amri za makamanda wao.

Dhamiri hizo hazikusema jambo moja. Mtu aliyelipinga wazo la kinga kwa hoja nzito zaidi hakuwa katili wala Mnazi. Alikuwa Hugh Dowding, mkuu wa kikosi cha ndege za kivita cha Uingereza mwaka 1940, mtu mtulivu aliyewapenda vijana wake. Katika taarifa yake rasmi ya mwaka 1941 aliweka tofauti iliyowashangaza wengi. Mjerumani anayeshuka juu ya Uingereza, alisema, atakuwa mateka muda si mrefu, kwa hiyo asipigwe. Mwingereza anayeshuka juu ya Uingereza bado ni mpiganaji, kwa hiyo Wajerumani wana haki ya kumpiga. Kamanda huyo alikuwa akiwapa adui zake ruhusa ya kuwaua watu wake mwenyewe, na alifanya hivyo kwa sababu mantiki ilimpeleka huko.

Mantiki yenyewe haikatiki kirahisi. Majira yale ya joto Uingereza ilikuwa na uhaba wa marubani kuliko uhaba wa ndege. Viwanda viliweza kutoa ndege mpya, lakini rubani mzoefu hatengenezwi kiwandani. Kijana aliyetua shambani Kent saa nne asubuhi aliweza kupewa ndege nyingine na kuwa angani tena alasiri ya siku ileile. Kumtungua mtu kama huyo na kumwacha ashuke salama kulikuwa ni kuharibu chuma na kumwachia adui kile kilicho adimu. Tuiite hoja hii hoja ya kesho: mtu asiyeweza kukudhuru sasa atakudhuru kesho, basi mmalize leo.

Nimeizungusha hoja ya kesho kichwani mara nyingi na sioni namna ya kuikanusha kwa kusema kwamba si kweli. Ni kweli, rubani atarudi. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kuishia kwa rubani. Majeruhi aliyelazwa katika hospitali ya jeshi lake, ambaye ukipita mwezi atakuwa amepona na kurudi mstari wa mbele, naye ana kesho. Baharia aliyeshikilia ubao, akiokolewa na meli ya upande wake, atapewa meli nyingine. Tangu Mkataba wa kwanza wa Geneva wa mwaka 1864, sheria ya vita imewakinga majeruhi bila kuuliza watatibiwa na nani wala watafanya nini baada ya kupona. Anayetaka hoja ya kesho itumike kwa marubani ana wajibu wa kueleza kwa nini isitumike wodini, na mimi sijapata kuusikia ufafanuzi huo ukitolewa vizuri.

Bahari ya Bismarck, karibu na New Guinea, ilionyesha jinsi hoja hiyo inavyosambaa ikiachiwa. Tarehe 3 Machi 1943, ndege za Marekani na Australia zilipokuwa zikiushambulia msafara wa meli za Japani, ndege moja ya Marekani aina ya B-17 ilipigwa, na wahudumu wake waliporuka kwa miamvuli, marubani wa Kijapani waliwafyatulia risasi hewani mbele ya macho ya wenzao. Hasira ilikuwa kubwa. Siku hiyo na siku zilizofuata, ndege na boti za washirika ziliwapiga kwa rashasha Wajapani walionusurika ambao walikuwa kwenye mitumbwi ya kuokolea na maboya. Sehemu ya sababu ilikuwa kisasi, jambo ambalo askari wenyewe hawakulificha. Sababu iliyotolewa rasmi ni kwamba nchi kavu haikuwa mbali, na watu hao wangefika ufukweni wangepewa bunduki na kupelekwa mstari wa mbele. Hoja ya kesho ilikuwa imehama kutoka kwa mtu aliye hewani hadi kwa watu mamia walio majini, kwa muda wa siku chache tu.

Upande wa Ujerumani, Adolf Galland, mmoja wa marubani wao mashuhuri, alisimulia baada ya vita kwamba Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, alimwuliza angeichukuliaje amri ya kuwapiga marubani wa adui walio kwenye miamvuli, naye akajibu kwamba angeiona kuwa ni uuaji na angefanya kila awezalo asiitii. Tumeachiwa neno la Galland mwenyewe, na mtu akijisimulia hujipendelea. Wako marubani wa kila upande waliofyatua. Lakini hata wale waliokataa, hatupaswi kudhani kwamba wote walisukumwa na huruma. Kila rubani alijua kwamba wiki ijayo yeye ndiye anayeweza kuwa kwenye kamba. Kutoka urefu wa mita 3,000 mwavuli huchukua karibu dakika kumi kufika chini, na katika dakika hizo mtu hana kitu cha kujifichia wala cha kumwonyesha adui kwamba amesalimu amri. Askari wa miguu anaweza kutupa bunduki na kuinua mikono. Rubani mikono yake tayari iko juu, imeshika kamba, na haimaanishi chochote.

Hilo la kutoweza kujisalimisha ndilo linalojibu pingamizi moja gumu: mbona askari wa miguu anayekimbia, hata akiwa ametupa silaha, anaweza kupigwa kwa mujibu wa sheria? Kwa sababu anao uchaguzi wa kusimama. Jibu hili halinitoshelezi kabisa, kwa kuwa kuna wakimbiao ambao kusimama kwao hakungeonekana na yeyote, lakini sheria hutungwa kwa hali zilizo nyingi.

Mkutano wa kidiplomasia wa Geneva ulioanza mwaka 1974 na kumalizika mwaka 1977 ndio ulioandika sheria tuliyo nayo, na mabishano yake yalikuwa ni ya Dowding upya. Baadhi ya nchi, hasa za Kiarabu, ambazo zilikuwa na kumbukumbu ya karibu ya vita na Israel, zilitaka kinga imwondoe rubani anayeonekana wazi kwamba atatua upande wake. Waliopinga walisema kwamba upepo haufuati mipaka, kwamba mpiganaji aliye angani hana muda wa kukisia mwavuli utaangukia wapi, na kwamba kinga yenye kishazi cha namna hiyo haitamkinga mtu. Kishazi hicho hakikuingia. Kifungu cha 42 cha Itifaki ya Nyongeza ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva kikasema mambo matatu: anayeruka kwa mwavuli kutoka kwenye ndege iliyo hatarini asilengwe wakati anashuka, akitua katika eneo la adui apewe nafasi ya kujisalimisha kabla ya kushambuliwa, isipokuwa ikiwa dhahiri anafanya kitendo cha uadui, na askari wa miamvuli hawamo katika kinga hii. Tanzania ilijiunga na itifaki hiyo mwaka 1983 na Kenya mwaka 1999. Marekani iliitia saini lakini haijairidhia, ingawa kitabu chake cha jeshi kuhusu sheria za vita cha mwaka 1956 kilikwisha kukataza jambo lilelile, na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inaihesabu kanuni hiyo kuwa desturi inayowabana wote.

Mpaka hapa tumekuwa hewani, na hewani mambo ni mepesi kuliko chini. Anayemlenga rubani kutoka ndege nyingine ni mwanajeshi aliyefunzwa, naye hajapoteza nyumba dakika ile. Anayemfikia kwanza rubani aliyetua mara nyingi ni mkulima, au mwanamke aliyetoka kuchimbua watoto kwenye kifusi. Kwake huyo mtu hakutolewa vitani. Ni muuaji aliyeshikwa. Serikali inaweza kuikataza hasira hiyo au kuichochea, na Ujerumani ya mwaka 1944 iliichochea. Mwezi Mei mwaka huo Martin Bormann, mkuu wa ofisi ya chama cha Nazi, aliwapelekea viongozi wa chama waraka uliowafahamisha kwamba wananchi waliowaua wanahewa wa adui hawakufunguliwa mashtaka. Kila aliyeusoma alielewa.

Tarehe 26 Agosti 1944 Wamarekani wanane walipitishwa kwa miguu katikati ya mji wa Rüsselsheim. Ndege yao ilikuwa imetunguliwa siku mbili kabla, mbali na hapo, na walikuwa wakisafirishwa kwa reli kuelekea kituo cha mahojiano. Lakini usiku uliotangulia mji ulikuwa umepigwa mabomu, reli ikakatika, na walinzi wakaamua watembee hadi upande wa pili. Watu wa mji, wakiwa bado wanazima moto, waliwavamia kwa mawe, marungu na majembe, kisha Josef Hartgen, kiongozi wa ulinzi dhidi ya mashambulizi ya anga, akatoa bastola. Sita walikufa, wawili wakajifanya maiti, wakaokoka. Mabomu ya usiku ule yaliangushwa na Waingereza. Wamarekani wale wanane walikuwa mikononi mwa Wajerumani wakati yanaanguka.

Hartgen na wengine wanne walinyongwa Novemba 1945 baada ya kesi iliyosikilizwa Darmstadt. Mwezi uliofuata, katika kesi nyingine juu ya wanahewa watatu wa Uingereza waliouawa na umati mjini Essen, mahakama ilimhukumu kifo kapteni Erich Heyer, ambaye hakumgusa yeyote kati yao. Alikuwa amewaamuru walinzi, kwa sauti ambayo umati uliisikia, wasiingilie kati wananchi wakiwashambulia mateka. Hukumu ile iliweka wazi kwamba aliyemshika rubani anawajibika kumlinda hata dhidi ya raia wa nchi yake mwenyewe.

Matukio mawili ya Syria yanaonyesha mstari huu unapopita leo. Tarehe 24 Novemba 2015 Uturuki iliitungua ndege ya Urusi aina ya Su-24 karibu na mpaka. Wapiganaji wa Kiturukimani, waasi wa Syria wenye asili ya Kituruki, waliokuwa chini walimpiga risasi rubani Oleg Peshkov akiwa anashuka, akafa, na mmoja wa viongozi wao akajitokeza mbele ya waandishi wa habari kujisifu kwamba wamewaua wote wawili. Hakuwa na habari kwamba mwenzake Peshkov, Konstantin Murakhtin, alikuwa hai msituni na angeokolewa. Kuhusu Peshkov hakuna utata: ni ukiukaji ulio wazi wa kifungu cha 42, na kujisifu kwenyewe kulikuwa ushahidi. Lakini siku hiyohiyo wapiganaji waliishambulia helikopta ya kijeshi iliyotumwa kuwatafuta, na askari mmoja wa Urusi akauawa. Hilo, kwa kadiri sheria inavyosema, lilikuwa tendo halali la kivita, kwa sababu waokoaji wenye silaha hawana kinga ya yule wanayemwokoa.

Tukio la pili ni la tarehe 3 Februari 2018, katika mkoa wa Idlib. Rubani Roman Filipov aliruka kutoka ndege yake iliyopigwa kombora, akafika chini salama, na alipozingirwa akapigana kwa bastola hadi alipojilipua kwa bomu la mkono. Nchini kwao alipewa cheo cha Shujaa wa Urusi. Alipokuwa akielea, hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumpiga. Alipogusa ardhi, waliomzunguka walikuwa na wajibu wa kumpa nafasi ya kuinua mikono. Alipofyatua risasi ya kwanza, wajibu huo ukaisha, na pande zote mbili zikawa zimerudi vitani.